Senga, watu 11 tulimwona Jaja na sanduku la hela, kumbe siku hiyo alikuwa Tororo

Senga, shangazi yetu wa kutushauri, nakusalimu sana. Samahani meseji yangu ni ndefu, nimeandika nikafuta mara tatu, leo nimesema acha nitume tu vile ilivyo.

Mimi ni mama wa miaka 43, nauza mukene, yaani dagaa, hapa Busia upande wetu wa Uganda. Tuko na kikundi cha akiba, akina mama 18, tunakutana kila Alhamisi saa kumi jioni chini ya mwembe nyuma ya soko. Sanduku letu ni la chuma, la kijani, lina kufuli 3 na funguo zinakaa kwa watu 3. Mmoja ni mimi, wa pili ni mama wa mitumba, wa tatu alikuwa Jaja. Jaja ni jina tu tulilozoea kumuita, ni mama wa miaka 67 anauza simsim na ndiye alituanzishia hicho kikundi, zamani tulikuwa tunaweka hela kwa godoro.

Sasa mwezi wa 12, siku ya kugawana, tumefungua sanduku tumehesabu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, hela zimepungua 340,000. Senga wewe jua tu hiyo siku ya kugawana watu wanavyoingoja, mtu ameshaahidi watoto nguo za Krismasi, mwingine anangoja ada ya shule, yaani kila mtu roho ilikuwa juu. Tukaanza kuulizana. Mama mmoja akasema, "Ile siku ya mvua, si Jaja ndo alibaki na sanduku?" Mwingine akasema eeh, na alikuwa na kaveera nyeusi, ule mfuko wa plastiki. Mwingine akasema ndiyo, mimi nilimwona ameinama anatia kitu kwa kaveera, alivaa ile gomesi, yaani gauni, yake ya buluu. Na mimi Senga, wallahi naapa, hapo hapo picha ikanijia. Nilimwona. Nilimwona ameinama, gomesi imelowa pindo, kaveera nyeusi mkononi. Mpaka sasa nikifunga macho naiona.

Watu 11 tulisema tumeona kwa macho yetu. Wengine 5 walisema wao hawana hakika lakini kama wote mmeona basi. Jaja alikana akasema hiyo Alhamisi hakuwepo kabisa, alikuwa Tororo kwa mazishi ya dada yake. Tukamwambia mazishi yalikuwa wiki nyingine. Tukampeleka kwa chairman wa LC1, yaani baraza la kijiji, tukatoa ushahidi mmoja mmoja, wote maneno yale yale, chairman mwenyewe akasema watu 11 hawawezi kuota ndoto moja. Jaja aliuza mbuzi 2 na simsim ya gunia akalipa. Tukamnyang'anya ufunguo tukamtoa kikundi. Hakulia. Alikunja kanga yake akaondoka.

Mwezi wa 2 huu, mwenzetu mmoja amerudi kutoka Mbale, alikuwa hospitali na mtoto tangu Novemba. Amekuja na hela mkononi, anasema nimeleta mkopo wangu ule wa 340,000 mlionipa ile siku ya mvua, na faida yake. Senga, miguu iliniisha. Mkopo ulitolewa mwisho kabisa wakati watu wamekimbilia barazani, katibu akauandika kwa kikaratasi ili kitabu kisilowe, kikaratasi kikapotea. Mwenyekiti alijua mkopo umetoka lakini alidhani umeshaingia kitabuni, kwa hiyo siku ya kuhesabu hakuuhusisha kabisa na upungufu.

Bado kuna watu walisema sawa, mkopo ni mkopo, lakini Jaja tulimwona. Ndo binti wa mama wa mitumba akasema yeye ana video ya siku hiyo, alikuwa anamrekodi mdogo wake anajifunza kusimama. Dakika 4. Tarehe iko, saa iko. Jaja hayupo. Ufunguo wake uliletwa na mjukuu wake, anaonekana kabisa anampa mwenyekiti. Na mtu aliyeinama kwa sanduku, ana kaveera nyeusi, anatia vitabu vya wanachama visilowe, Senga, ni mimi. Ni mimi mwenyewe nimevaa gomesi ya buluu.

Nimeiangalia hiyo video mara nyingi mpaka bando limeisha. Bado kichwani namwona Jaja. Mume wangu anasema ni jini lilitufunika macho. Kuna mama anasema video imechezewa kwa kompyuta. Kijana wangu wa sekondari ananiambia inaitwa efekti ya Mandela, ati watu wengi duniani wanakumbuka kitu kimoja ambacho hakikutokea kwa sababu walitoka ulimwengu mwingine sambamba na huu. Mimi sijui niamini nini. Je sisi ni waongo? Mimi nina shida ya akili? Na Jaja nitamwangalia vipi usoni? Yuko nyumba ya tano kutoka kwangu.

Mama wa Mukene, Busia

* * *

Mwanangu Mama wa Mukene, pole. Nimesoma barua yako jana usiku, nikaamka leo nikaisoma tena kabla ya chai. Nitakujibu kila ulichouliza, lakini lile la Jaja haliwezi kungoja mpaka mwisho. Leo hii, kabla hujamaliza hata kusoma, tuma ujumbe kwa mwenyekiti kwamba zile 340,000 zitengwe, zisiguswe, ni za Jaja. Hela ya mkopo imerudi, maana yake kikundi kimekaa na hela ya mzee wa watu. Hiyo haina mjadala wa Alhamisi ijayo.

Sasa nifanyie kitu kimoja. Soma haya maneno mara moja, polepole, halafu endelea na usirudi juu: kitanda, godoro, shuka, mto, neti, blanketi, kuchoka, usiku, ndoto, kukoroma, kupiga miayo, kuamka. Tutayarudia.

Umeuliza kama ninyi ni waongo. Mwongo anajua ukweli halafu anasema kingine. Ninyi mliapa kwa kile mlichokuwa mnakiona kichwani, na kilikuwa si kweli, na mlikiona kwa pamoja. Haya mambo yamechunguzwa na watu wa saikolojia kwa karibu miaka 100, na karibu kila hatua waliyoieleza iko ndani ya barua yako bila wewe kujua.

Tuanze na huyo Mandela wa kijana wako. Jina lilitoka kwa mwandishi mmoja Mmarekani, Fiona Broome, ambaye alikuwa anakumbuka vizuri kabisa kwamba Nelson Mandela alikufa gerezani miaka ya 1980, na mazishi akayaona kwa TV, halafu akakuta kumbe watu wengine wengi wanakumbuka vile vile. Sisi huku tunajua Mandela alitoka jela tarehe 11 Februari 1990 baada ya miaka 27, akawa rais 1994, akafariki 5 Desemba 2013. Kwa watu wa Afrika Kusini kwenyewe ni vigumu kukumbuka kwamba alifia jela. Nadhani wengi wanaokumbuka hivyo ni wale waliokuwa wanasikia habari za Afrika Kusini kwa mbali, kipande leo kipande kesho. Steve Biko, mpigania uhuru wa huko huko, alifia kweli mikononi mwa polisi mwaka 1977 na habari zake zilizunguka dunia nzima. Mtu wa mbali, miaka imepita, ana vipande vya mpigania uhuru, jela, kifo, umati, na jina moja tu analolijua vizuri ni Mandela. Mimi naona ni rahisi sana hivyo vipande kushikana vyenyewe, na kwa kuwa watu wengi walipewa vipande vile vile, wengi walishona nguo ile ile. Ulimwengu sambamba hauhitajiki hapo. Mwambie kijana jina la hiyo efekti amelipata sawa, sababu ndo siyo.

Na nakuomba usimcheke mume wako kuhusu jini, mtu akiona kitu kinachotisha anatafuta jina la kukiita. Ila swali ni kwamba jini gani linajua kuchagua gomesi ya buluu? Hiyo gomesi ilikuwepo. Kaveera ilikuwepo. Kuinama kulikuwepo. Mvua ilikuwepo, na ufunguo wa Jaja ulikuwepo. Kila kitu mlichokikumbuka kilitokea kweli isipokuwa mtu. Ubongo haukuzua kitu, ulichukua vitu vya kweli ukavipanga kwa mtu asiye wake.

Kwa nini Jaja? Kwa sababu kila Alhamisi kwa miaka yote Jaja ndiye anakaa karibu na sanduku. Mwingereza mmoja, Frederic Bartlett, aliandika juu ya hili mwaka 1932. Aliwapa watu wa Uingereza wasome hadithi ya wenyeji wa Amerika ya Kaskazini, hadithi ngeni kwao kabisa, halafu akawaambia waisimulie tena baada ya muda. Kila wakisimulia, yale mageni yalidondoka au yakageuka kuwa ya kwao, mtumbwi ukawa boti ya kawaida. Akasema kukumbuka si kufungua droo ukatoa karatasi ile ile uliyoiweka, ni kujenga upya kila mara, na pale pana tundu unaziba kwa kile unachojua huwa kinakuwa. Hiyo siku ya mvua mlikuwa mnakimbia, nani aliangalia sanduku? Tundu lilikuwa kubwa. Na kila siku tundu hilo lina sura ya Jaja.

Halafu likaja lile swali. "Si Jaja ndo alibaki na sanduku?" Hebu litazame hilo neno "si". Kwa Kiswahili chetu ukianza na "si", umeshajibu, unaomba tu mtu aitikie eeh. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer huko Marekani waliwaonyesha wanafunzi filamu ya magari kugongana. Kundi moja wakaulizwa magari yalikuwa yanakimbia kiasi gani yalipogongana, kundi jingine wakaulizwa yalipopondana. Baada ya wiki wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Vioo havikuwepo kwenye filamu. Wale wa "kupondana" waliosema ndiyo walikuwa 16 kati ya 50, wale wa "kugongana" 7 kati ya 50. Neno moja tu. Mwaka uliofuata Loftus akaonyesha tena kwamba ukimuuliza mtu "uliiona ile taa iliyovunjika?" anakubali kirahisi kuliko ukimuuliza "uliona taa yoyote iliyovunjika?" Kwenu ilikuwa ile siku, ile kaveera, ile gomesi yake. Kila "ile" ilikuwa inaweka kitu mbele ya macho yenu kana kwamba kimeshathibitishwa.

Kutoka hapo ikawa ni kupokezana. Wa kwanza alileta sanduku, wa pili kaveera, wa tatu gomesi na kuinama, wewe ukaongeza pindo lililolowa. Pindo lililolowa lilikuwa ni lako mwanangu, nadhani, mwili wako ulikuwa unakumbuka baridi ya pindo lako mwenyewe. Mwaka 2003 watafiti huko Scotland waliwaonyesha watu video za tukio moja, wawili wawili, lakini kila mmoja aliona kutoka upande tofauti na hawakujua. Wakazungumza kidogo, halafu kila mtu akaandika peke yake alichokiona. Asilimia 71 ya wale waliozungumza waliandika angalau kitu kimoja ambacho wao hawakukiona kabisa, walikisikia tu kwa mwenzao. Asilimia 71, na hao hawakuwa na Krismasi mlangoni, hawakupoteza hata shilingi.

Kwa hiyo chairman wa LC1 alikosea hesabu aliposema watu 11 hawawezi kuota ndoto moja. Wakikaa kwenye baraza moja wakasimuliana ndoto kwa wiki mbili sokoni, wanaweza. Angewaita mmoja mmoja siku ile ile kabla hamjaongea, huo ungekuwa ushahidi wa watu 11. Baada ya kuongea ulikuwa ni ushahidi wa mtu mmoja umerudiwa mara 11. Hata mahakamani watu wamefungwa hivi. Marekani tangu 1989 walianza kuwatoa wafungwa kwa kipimo cha DNA, na kesi nyingi sana kati ya hizo zilikuwa na shahidi mwaminifu, hana chuki, amenyoosha kidole kwa mtu ambaye siye.

Na wale 5? Wale waliosema hatuna hakika lakini kama wote mmeona basi. Nakuambia hao ndio walikuwa na kumbukumbu nzuri kuliko ninyi wote, na hawakuitetea. Siwalaumu, kusimama peke yako mbele ya wenzako siku ya kugawana hela inahitaji moyo mkubwa. Ila kikundi kisisahau kwamba "sina hakika" lilikuwa jibu sahihi siku hiyo.

Haya, yale maneno. Usirudi juu. Neno "mto" lilikuwepo? Neno "kiti"? Neno "usingizi"?

Mto ulikuwepo. Kiti hakikuwepo na nadhani hujapata shida kukikataa. Usingizi haukuwepo. Kama umesema ulikuwepo, au hata umeona kama umelisoma kwa macho, wewe ni mtu wa kawaida kabisa. Jaribio hili lilifanywa na James Deese mwaka 1959, likarudiwa na Henry Roediger na Kathleen McDermott mwaka 1995, kwa orodha za Kiingereza, na watu walidai neno ambalo halikuwepo lilikuwepo, karibu sawa na maneno waliyosomewa kweli. Maneno yote 12 yanaelekea usingizi, kichwa kinafika huko chenyewe, halafu baadaye kinashindwa kutofautisha nilipoambiwa na nilipofika mwenyewe. Jaja alikuwa ni usingizi wa ile siku. Ufunguo wake, mahali pake, sanduku analolinda, kila kitu kilielekea kwake, ila yeye hakuwepo kwenye orodha.

Jaribu na lingine ukiwa sokoni, uliza watu bendera yetu ya Uganda ina milia mingapi bila kutazama. Tumeiona tangu shule ya msingi, kila ofisi, kila 9 Oktoba. Angalia nani atakuambia 3 kwa sababu rangi ni 3. Ni 6, nyeusi njano nyekundu halafu tena nyeusi njano nyekundu. Uliza na korongo anaangalia wapi, kwenye mlingoti au kwenye upande unaopepea. Anaangalia mlingoti. Kuona kitu mara elfu na kukitazama ni vitu viwili.

Sasa mimi mwenyewe. Nilikuwa mtoto mdogo mwaka 1972 wakati John Akii-Bua alipochukua dhahabu Munich, mita 400 kuruka viunzi, sekunde 47.82, rekodi ya dunia, dhahabu ya kwanza ya Uganda kwenye Olimpiki. Maisha yangu yote nimewasimulia watoto wangu kwamba niliona kwa TV sebuleni kwetu, baba amesimama, mama ameshika mdomo. Miaka michache iliyopita dada yangu mkubwa akaniambia taratibu, mdogo wangu, 1972 nyumbani hatukuwa na TV, tulisikia redioni kwa jirani. Nilikasirika siku mbili. Lakini ni kweli, ile TV nyeusi na nyeupe ninayoiona kichwani ni ya nyumba tuliyohamia baadaye. Zile picha za Akii-Bua anazunguka uwanja kwa furaha niliziona ukubwani, nikazipeleka utotoni kwangu. Na mpaka leo nikifunga macho naona sebule, baba amesimama. Kujua hakukufuta.

Ndo maana nakuambia usiogope kwamba bado unamwona Jaja. Haiondoki kwa kuangalia video mara 50. Huko Amsterdam tarehe 4 Oktoba 1992 ndege ya mizigo iliangukia jengo la ghorofa. Miezi 10 baadaye watu waliulizwa kama waliiona kwa TV ile filamu ya ndege inapogonga jengo, na zaidi ya nusu wakasema ndiyo. Filamu hiyo haipo, hakuna aliyerekodi, TV zilionyesha moto na mabomba ya maji baada ya ajali. Na kile chombo cha anga cha Wamarekani, Challenger, kilipolipuka 28 Januari 1986, Ulric Neisser na mwenzake Nicole Harsch waliwaandikisha wanafunzi kesho yake asubuhi, ulikuwa wapi, nani alikuambia. Baada ya miaka miwili na nusu wakawauliza 44 kati yao maswali yale yale. Robo walikosea kila jambo kubwa, na wengi walikuwa na uhakika mkubwa. Walipoonyeshwa karatasi zao wenyewe, mwandiko wao wenyewe, kuna waliosema ni mwandiko wangu lakini haikuwa hivi. Kwa hiyo yule mwenzenu anayesema video imechezewa, msimpige kelele. Anafanya kile ambacho wale wanafunzi walifanya. Mwoneni hivyo, lakini msimpe nafasi ya kuchelewesha haki ya Jaja.

Na akili yako iko sawa. Mtu mwenye shida asingeniandikia "ni mimi nimevaa gomesi ya buluu." Hiyo sentensi ilikuwa nzito kuandika, naijua.

Sasa kwa Jaja. Msiende na haya yote niliyokuambia. Nakuomba sana. Usiende kumweleza mzee wa miaka 67 aliyeuza mbuzi wake kwamba ubongo hujenga upya. Akiuliza siku nyingine, mweleze. Siku ya kwanza anapaswa kusikia maneno machache tu: ulisema hukuwepo, na hukuwepo kweli, tulikushitaki kwa jambo hukulifanya, na mimi nilikuwa mmoja wa waliosema nimeona. Hapo unanyamaza. Usiseme "tulidhani." Usiseme "wote walisema." Usimtaje yule aliyeanza na "si Jaja", hata akikuuliza, kwa sababu yeye alileta swali tu, picha mlichora wote. Na msiende kumtafuta huyo mama sokoni pia, mtakuwa mnafanya kosa lile lile kwa mtu mwingine.

Wewe nenda kwanza peke yako, jioni, ni nyumba ya tano tu. Piga magoti kama unavyopigia mama yako. Kisha siku ya pili waende wote, na wale 5 pia, na mwenyekiti, na katibu, kwa chairman wa LC1 pale pale mlipomshitaki, kwa sauti ile ile, mbele ya watu wale wale. Aibu aliipata hadharani, hawezi kusafishwa jikoni. Mpelekeni 340,000 yake taslimu, na bei ya mbuzi ya leo si ya Desemba, maana mbuzi aliowauza kwa haraka kabla ya Krismasi hakupata bei yao, na gunia la simsim alilouza kwa shida lihesabiwe. Kama lazima kikundi kichange, changeni. Na fungu lake la kugawana la mwezi wa 12, kama mlimnyima, lirudi na faida yake. Sukari na sabuni pelekeni kama mnavyopeleka kwa mzee yeyote, lakini visihesabiwe kuwa malipo.

Kuna jambo moja ambalo limenikaa rohoni kwenye barua yako kuliko hata hela. Mlimwambia mazishi ya dada yake yalikuwa wiki nyingine. Alikuwa ametoka kuzika, mkambishia siku aliyozika. Mwombeni msamaha wa hilo peke yake. Mwulizeni jina la dada yake, mwulizeni alizikwa wapi, mkae mmsikilize.

Kuhusu kikundi, najua vikundi vingi mna ile desturi mwisho wa mkutano wote mnakariri salio kwa sauti, halafu mkutano unaofuata mnaulizwa tena. Endeleeni nayo, ni nzuri kwa namba moja fupi iliyotamkwa papo hapo na watu wote. Kwa tukio haitoshi. Nani alifungua, nani alipewa mkopo, nani hakuja, hayo yaandikwe kabla mtu hajanyanyuka kitini, mvua inyeshe isinyeshe, na mtu apige picha ukurasa huo kwa simu autume kwa Wotsapu ya kikundi dakika hiyo hiyo. Aliyepewa mkopo aweke dole gumba. Na siku hela ikipungua tena, maana siku moja itapungua, hakuna kuongea kwanza. Kila mtu aende pembeni na katibu, aseme alichokiona peke yake, kiandikwe, na swali liwe "nini kilitokea siku ile?", lisianze na "si", lisiwe na jina la mtu ndani yake. Asiyejua aseme sijui na iandikwe sijui.

Ufunguo wa tatu sasa hivi uko kwa nani hukuniambia. Popote ulipo, uende nao ukiwa umeufunga kwa kitambaa safi. Usimlazimishe kuuchukua. Anaweza kukataa, anaweza kukataa hata hela siku ya kwanza, anaweza kukuacha umepiga magoti akaingia ndani. Ana haki. Ukitoka hapo rudi tena Jumapili, na Jumapili nyingine, umsaidie kupepeta simsim bila kuongea habari ya sanduku. Akiuchukua ufunguo niandikie. Asipouchukua niandikie pia, nitakuwa nangoja.

Senga